Usifunge, Mwenzangu Hajatoka

Waliingia wanne, wakatoka wanne. Niliwahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, kwa macho yangu haya mawili.

Halafu Dada Mkubwa, nesi kiongozi wa zamu, akavuka mstari mwekundu, akanawa mikono, akanigeukia.

“Mdogo wangu, usifunge mlango. Mwenzangu hajatoka.”

Nikatazama ubao. Nikatazama mlango wa wodi.

“Mwenzako yupi, dada?”

Alikuwa anakitazama kibanda cha tano.

Kibanda cha tano kilikuwa cha Binamu. Na Binamu alikuwa kaburini siku ya kumi na mbili.

Wewe unayesoma hapa umejilaza, kaa kitako kwanza. Sikuletei habari za mashetani. Ningeona shetani ningelala vizuri zaidi.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Kwa nini sikuendelea, hayo si ya leo. Hospitali ile niliingia na ndoo na fagio, na ningekuwa na ndoo na fagio mpaka leo kama ugonjwa usingekuja.

Ulipokuja, Daktari aliwakusanya manesi uani awafundishe kuvaa na kuvua yale mavazi ya kujikinga. Mimi nilikuwa napiga deki barazani, kimya kama kawaida yangu.

“Samahani daktari,” nikasema. “Huyo wa tatu kajishika shavu.”

Wote wakanigeukia. Yule wa tatu mkono ulikuwa bado uko shavuni.

“Wewe umemwona?” Daktari akaniuliza.

“Kazi yangu kutazama sakafu, daktari. Ila macho hayana mpaka.”

Kesho yake nikanyang’anywa fagio. Nikapewa karatasi iliyofunikwa na nailoni, ina hatua kumi na nne, na bomba la mgongoni lenye maji ya klorini.

Nikueleze kazi yenyewe, maana usipoielewa hii hutaelewa mengine.

Mtu anayetoka kwenye wodi ile amechoka vibaya. Kakaa saa nzima ndani ya lile vazi, sisi tuliliita gunia, na jasho limemjaa kwenye buti mpaka akitembea linasema chwaka chwaka. Anachotaka ni kulirarua apumue. Sasa ugonjwa wenyewe uko juu ya gunia. Akivua vibaya, anaubeba nyumbani.

Ndiyo maana lazima awepo mwingine aliyetulia, upande wa pili wa mstari mwekundu, anamsomea hatua moja moja. Anayevua haruhusiwi kufanya kitu mpaka asikie sauti.

“Hatua ya kwanza, simama kwenye beseni.”

Anasimama.

“Hatua ya pili, nyoosha mikono nikupulizie.”

Ananyoosha.

Mimi wa la saba namwambia daktari geuka, anageuka. Mama yangu nilipomsimulia alicheka. “Nyumbani hata kuku hawakusikii,” akasema.

Vibanda vilikuwa vitano, vimetenganishwa kwa turubai. Ukutani kulikuwa na ubao wenye pande mbili, Nje na Ndani, na vibao vitano vya mbao vyenye majina. Mtu akiingia nahamisha kibao chake Ndani, akitoka nakirudisha Nje. Ubao ule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ila mimi. Hata Daktari.

Sasa, Binamu.

Alikuwa nesi wa kiume, mrefu, mwembamba, anaita kila mtu binamu. Wagonjwa binamu. Daktari binamu. Hata mzee wa stoo, ambaye hana utani na mtu, ni binamu.

Akifika kuvuliwa haachi maneno. “Binamu, soma polepole, mimi si wa mbio.” “Binamu, hiyo hatua ya saba umeiongezea chumvi.”

Hatua ya saba iache hapo. Hatua ya kuogopa ni ya tisa.

Ya tisa ni miwani. Funga macho, inama mbele, shika mkanda kwa nyuma, vua taratibu, usiguse kioo. Hapo mkono wa mtu unapita karibu na jicho lake. Ukikosea hapo, umekosea.

Siku ile Binamu alikuwa kwenye ya nane. Akaniambia, “Binamu, nikioa nitakuoa wewe. Unanivua nguo kila siku mbele za watu na mama yangu hajalalamika.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika ukuta.

Nilipotulia, miwani ilikuwa tayari kwenye ndoo. Nikasoma ya kumi.

Je, ya tisa niliisoma?

Sijui. Nimejiuliza nikiwa naosha vyombo, nimejiuliza njiani, nimejiuliza hata nikiwa usingizini. Sijui. Nakumbuka kicheko, nakumbuka miwani kwenye ndoo, katikati pana shimo.

Siku ya nane Binamu aliingia wodini kwa kitanda. Hakutoka tena kwa miguu yake.

Sikumwambia mtu habari ya lile shimo. Ningemwambia nani? Manesi wenyewe walikuwa wanakula wamesimama, wamekodoa macho kama watu waliosikia mlango umegongwa.

Kibao chake hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa. Nikakiacha upande wa Nje.

Baada ya siku tatu nikakikuta Ndani.

Nikakirudisha Nje, nikanyamaza. Kesho yake nikakikuta tena Ndani.

Nikasema moyoni, huyu ni Dada Mkubwa. Alisoma chuo kimoja na Binamu, wakapangiwa kazi pamoja, wakagombana na kupatana miaka tisa. Amini usiamini, siku Binamu alipokufa yeye dada alimaliza zamu yake, akavua hatua zote kumi na nne bila kukosea, akaniambia “asante mdogo wangu,” akaenda zake. Hakulia. Mtu asiyelia, mwangalie.

Nikaanza kumwangalia.

Nikaona ananawa mikono mpaka vidole vimepasuka. Nikaona simu ya mwanawe ikiita, anaitazama mpaka inakata. Nikaona anacheka pasipochekesha. Na ndipo akaja na lile neno lake, usifunge, mwenzangu hajatoka.

Mara ya kwanza nilidhani ni uchovu. Nikasubiri kidogo, asije akajisikia vibaya, halafu nikafunga.

Mara ya pili nikasubiri tena kidogo, nikafunga.

Mara ya tatu sikuuliza mwenzako yupi.

Wakati huohuo na mimi nilikuwa na karaha zangu. Sauti ilikuwa inanikauka kabla zamu haijaisha, na sasa watu walikuwa wanne tu, si watano. Nikalaumu klorini. Bomba nalo lilikuwa linaisha haraka. Nikasema linavuja.

Mzee wa stoo akanijia juu. “Zamani bomba moja unatoa watu watano. Sasa unatoa wanne na bado unakuja kuongeza. Unaoga nayo?”

“Linavuja, mzee.”

“Nimelipima. Haliachii hata tone.”

“Basi utakuwa umelipima likiwa na aibu.”

Hakucheka.

Nyumbani mama alikuwa ananitengea chakula mlangoni, anarudi nyuma hatua tano, tunaongea hivyo, yeye kule mimi huku. Siku moja akaniuliza, “Huko bafuni kila siku unasoma nini? Umeanza kusali?”

“Sisomi kitu, mama.”

“Mwanangu, mimi si kiziwi.”

Nikajua mama naye ameanza kuchoka. Kila mtu nilimwona amechoka, isipokuwa mimi. Nyani haoni kundule, wahenga walishasema, lakini wahenga huwa tunawakumbuka mambo yakishaharibika.

Sasa ikaja Jumatano.

Ilikuwa adhuhuri, jua linachoma turubai. Dada Mkubwa alikuwa kwenye kibanda cha nne. Tulikwenda vizuri mpaka ya nane. Nikafungua mdomo nisome ya tisa.

Akageuza kichwa upande wa kibanda cha tano.

“Tangulia wewe,” akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyompisha mtu kwenye foleni.

Na mkono wake wenye glovu, glovu iliyotoka kwa wagonjwa, ukaanza kupanda kuelekea usoni, kama mtu anayetaka kujikuna.

“Dada! Simama hapo hapo!”

Mkono ukasimama. Kati ya kidole na shavu hapakutosha hata unene wa kiganja.

Nikamsomea ya tisa polepole. Nikamaliza zote. Akavuka mstari, akanawa mikono.

Akanivuta pembeni.

“Usimwambie Daktari.”

“Dada, ulikuwa unajishika uso.”

“Nimesikia. Wakinitoa mimi, wodi inabaki na watatu. Wale watatu wamebaki na roho mkononi. Na nesi akishasemwa kichwa hakiko sawa, mdogo wangu, nani atamwachia sindano tena? Hata ugonjwa ukiisha, mimi nitabaki yule nesi aliyerukwa na akili.”

Nikalitua bomba chini.

“Niahidi,” akasema.

Sikumwahidi. Lakini sikumkatalia pia.

Nilirudi nyumbani kama niliyekaliwa na mtu mzima kifuani. Nikisema, namchafulia jina mtu aliyenifundisha kazi, aliyeniita mdogo wangu wakati wengine wananiita wewe wa deki. Nisiposema, iko siku mkono utafika usoni na mimi nitakuwa nimecheka, au nimepiga chafya, au nimetazama pembeni. Wa pili huyo. Wa pili mikononi mwangu.

Niliamua. Bora anichukie akiwa mzima.

Alhamisi baada ya zamu nikaenda kwa Daktari. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mafaili, meza moja, viti viwili vya plastiki, na dirisha lisilofunguka.

Nikamweleza yote. Kibao kinachohama. Vidole vilivyopasuka. Usifunge, mwenzangu hajatoka. Tangulia wewe.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akavua miwani yake ya kusomea, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

“Nani kakutuma?”

“Nimejituma.”

“Kaa.”

“Nimekaa, daktari.”

“Eh. Umekaa.” Akashusha pumzi. “Dada Mkubwa alikuja hapa jana jioni. Alikaa kiti hichohicho.”

Nikafurahi. Nikasema ndani yangu, alhamdulillahi, kaja kusema mwenyewe.

“Alikuja kusema habari zako,” Daktari akasema.

“Zangu?”

“Anasema ukishawatoa wanne, unahamia kibanda cha tano. Unapuliza dawa kwenye beseni tupu. Unasoma hatua zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Unangoja baina ya hatua na hatua, kama kuna mtu anavua. Ya tisa unaisoma mara mbili.”

Nilicheka. Kweli nilicheka.

“Daktari, huyo dada anaumwa. Ndicho nilichokuja kukuambia.”

“Anasema ukimaliza unatabasamu, unasema ‘Haya, vuka.’ Ndipo unafunga mlango.”

“Mwongo.”

“Na mimi nilisema hivyo. Leo mchana nikaenda kusimama nyuma ya turubai.”

Akaivaa tena miwani yake.

“Sasa niambie,” akasema taratibu, kama anayechoma sindano kwa mtoto. “Ule ubao, nani mwingine anaugusa?”

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Bomba. Sauti. Mama na bafuni. Kule “kusubiri kidogo” kabla ya kufunga, ambako kila nikikumbuka nakuta shimo, shimo lilelile, kicheko upande huu na ndoo upande ule.

Waliingia wanne.

Mimi nilikuwa natoa watano.

Sijui nililia muda gani. Najua Daktari alitoka akaniletea maji, na kwamba yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia habari ya shimo. Ya tisa. Kicheko. Ndoo. Nikamwambia nimemuua Binamu kwa kucheka.

Hakuniambia “hapana.” Nilikuwa nalisubiri hilo hapana kama mtu mwenye kiu. Hakulitoa.

“Binamu wiki ya kwanza alihudumia wagonjwa kwa mikono mitupu, kabla magunia hayajafika,” akasema. “Aliwabeba wagonjwa waliokuwa wanaanguka. Inawezekana ni kule. Inawezekana ni miwani. Hatutajua, mimi wala wewe. Hilo ndilo tutakaloishi nalo.”

Akaniandikia karatasi ya mapumziko, wiki mbili. Akaandika nyingine ya Dada Mkubwa.

“Na wodi?” nikauliza.

“Nitaomba watu kituo cha jirani. Wakikataa nitavaa gunia zamu mbili. Mtu aliyevunjika mguu simsimamishi zamu. Nyinyi mmevunjika pasipoonekana, nikawasimamisha. Kosa hilo ni langu.”

Hospitali ilikuwa imetenga chumba cha ushauri tangu mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Hakuna aliyekwenda. Mshauri alikuwa mama mmoja wa makamo, nesi mstaafu, alishakaa mle wiki kadhaa peke yake anafuma kofia. Tulipoingia mimi na Dada Mkubwa alituambia, “Karibuni wanangu. Nimeshafuma kofia tisa, mngechelewa ningehamia mazulia.”

Hapo ndipo nilimuuliza Dada Mkubwa, mbele ya mama yule.

“Dada, kama ulikuwa unaniona, kwa nini ulikuwa unaniambia nisifunge?”

Alitazama mikono yake. Ilikuwa imepakwa mafuta, imefungwa bandeji.

“Siku ya kwanza nilipokuona unasomea beseni tupu nilitaka kukushika mkono,” akasema. “Ukanigeukia ukaniangalia, na macho yako hayakuwa yako. Nikaogopa nikikuamsha vibaya utaanguka. Nikasema neno la kukuachia nafasi. Usifunge, mwenzangu hajatoka. Nilisema nikufunike aibu tu, mdogo wangu.”

“Kumbe ulikuwa unajua hayupo.”

“Nilikuwa najua.”

Akavuta uzi wa bandeji.

“Unamsomea vizuri mno. Unamsubiri kabisa, kama anavyochelewa kwenye buti. Siku ya tano nikasikia chwaka chwaka. Siku ya sita nikamwona.”

Mama mshauri aliacha kufuma.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo, na sisi wawili tulishtuka kwa pamoja kama tuliochomwa sindano moja.

Sitakudanganya kwamba tulipona siku ile. Tulikwenda mle chumbani kila siku wiki mbili, na baada ya hapo kila Jumatatu. Kuna siku tulizungumza, kuna siku tulitazama kofia. Niliambiwa nilale, nile nimekaa, nimweleze mama. Nilimweleza. Mama yangu alivuka zile hatua zake tano, akanikumbatia hapohapo mlangoni, na ugonjwa aukemee anayetaka.

Dada Mkubwa alimpigia mwanawe.

Siku ya kurudi kazini mama mshauri alitupa kazi moja. Akasema tukamtoe Binamu. Tumtoe kweli, tukijua hayupo, mbele za watu, mchana kweupe.

Basi tukasimama mbele ya kibanda cha tano. Daktari, manesi, mzee wa stoo na kofia yake mkononi. Nikavaa bomba. Nikasoma ya kwanza. Ya pili. Ilikuwa sauti yangu, naisikia.

Ya nane.

Nikasimama. Nikatazama ndoo, ilikuwa tupu.

“Hatua ya tisa,” nikasoma. “Funga macho. Inama mbele. Vua taratibu.”

Dada Mkubwa ndipo akalia. Tangu msiba, ndiyo mara ya kwanza. Alilia kama mtu anayetapika, na mzee wa stoo asiye na utani akamshika bega akasema, “Lia, binamu. Lia.”

Nikamaliza ya kumi na nne.

“Haya, vuka.”

Nikakitoa kibao chake kwenye ubao. Nje sikukiweka, Ndani sikukiweka. Nilimpa Dada Mkubwa akipeleke kwa mama wa Binamu.

Ugonjwa ulikuja kuisha, kama unavyoisha kila kitu. Kabla haujaisha tuliletewa nesi mpya, binti mwenye haraka zake, nikampa kibanda cha tano. Siku ya kwanza, akiwa amefumba macho na amenyoosha shingo, akaniuliza:

“Mbona hii ya tisa umenisomea mara mbili?”

Nikafikiri kidogo. Nikapima kama ni lile shimo limerudi. Halikuwa limerudi. Nilikuwa pale, naiona karatasi, namwona yeye, nasikia jasho kwenye buti zake.

“Hapa kwetu ndivyo inavyosomwa,” nikamwambia. “Inama.”

Nimeyaandika haya kwa sababu moja. Kama kazi yako ni kuwaangalia wenzako wasiumie, manesi, madaktari, wabeba machela, hata wewe wa deki, tafuta mtu wa kukuangalia wewe. Aliyevaa gunia hawezi kujiona mgongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi mengine hayana homa wala kikohozi, yanakuja kama sauti inayokauka na bomba linaloisha mapema.

Na ukimwona mwenzako anaongea na mtu ambaye humwoni, kamsemee. Usikute naye anakwenda ofisini kukusemea wewe.